Kitufe, Kitufe, Kitufe

Nilikichora mimi kile kialama cha kuuliza,
kiduara cha kijivu ubavuni mwa neno Mita.
Ukikipitishia kipanya, kidokezo kinachanua:
Andika tarakimu saba za kwenye mita, si zile za kwenye bili.
Nilikitia kivuli chepesi, pembe za mviringo,
maandishi meupe juu ya zambarau changa.
Bosi alisema, safi.
Nikaenda zangu kunywa chai.

Jumatatu akaja Bi Nyevu,
miaka ishirini na mitatu kwenye swichibodi ya bandari,
aliyewajua makarani wa Kilindini kwa pumzi zao
kabla hawajataja majina.
Alipanda ngazi zetu za Mtaa wa Biashara akizihesabu.
"Thelathini na nane. Ya tisa imemeguka."
Mwaka mzima tunaikanyaga; hakuna aliyejua.

Akaketi. Akakisukuma kipanya kando
kama mtu anayesogeza sahani ya mgeni mwingine.
Vidole kwenye kibodi: Tab, Tab
(ongeza irabu moja, uone ilivyokuwa),
na sauti ya mashine, kavu, isiyojua kumeza mate:
"Mita, sehemu ya kuandika.
Kitufe.
Kitufe.
Kitufe."

"Cha nini?"

Sisi watatu nyuma yake tulikitazama kile kiduara
kama majirani wanaomwona mbuzi akila kanzu iliyoanikwa,
na kanzu si yao.
"Hapo pana maelezo," nikasema.
"Wapi?"
"Juu yake. Yanatokea ukipitisha..."
Nikanyamaza. Sentensi yangu ilidai macho ili iishe.

Akaandika namba ya bili. Makosa.
Akaandika tena. Makosa.
"Wiki tatu bomba la Magongo halijatoa hata kikohozi,
nami naagiza boza kwa ukurasa wenu huu.
Kumbe jibu lilikuwapo,
lajilalia, lingoje kubembelezwa na mshale."

Shemeji yake Chengo, aliyemsindikiza,
akaomba naye ajaribu.
Akayakuza maandishi mara tatu, mkono ukimtetema.
Kidokezo kikafunguka; akasogea akisome, kikajifunga.
Akarudi, kikafunguka. Akasogea.
"Hiki nacho kifauongo," akasema.

Nikawashusha hadi mlangoni.
Bi Nyevu akasimama kwenye duka la chini,
akapapasa leso moja, akaipima pindo kwa kidole gumba.
"Murtaza, yasemaje?"
Murtaza hakusema ipitishie macho.
Alisoma, kama asomavyo kwa kila mtu, huku anahesabu chenji:
"La moyoni liseme, jicho halisikii."
"Wanitania!"
"Wallahi, ndivyo ilivyoandikwa."
Akapunguziwa shilingi hamsini, akainunua.

Usiku ule sikulala mapema.
Zile tarakimu saba nikazitoa mafichoni,
nikaziweka chini ya neno Mita, wazi, zionekane daima:
la lazima halinong'onwi.
Kidokezo nikakiachia mambo madogo madogo,
nikakifunza adabu. Kije kidole kinapofika,
si mshale peke yake. Kikae mtu anaposoma.
Mshale ukikiingia, kisitoroke.
Ukikichoka, Esc, kiondoke bila kununa.
Nikayafunga maneno yake na kitufe chake
kama kitovu na mtoto, ili sauti ikifika iyataje.
Zambarau nikaikoleza. Kivuli nikakifuta,
na kwa kivuli, nakiri, niliona uchungu.

Alhamisi simu ikalia.
"Boza limefika. Mapipa manne, na ndoo ya jirani."
Nikashusha pumzi.
"Lakini mwanangu, mbona sauti yenu inasoma kama mtalii?
Yaniambia niandike namba ya *maita*.
Maita ni nani?"

Nikaufungua ukurasa, si kwenye kidokezo,
wala kitufe, wala rangi: mstari wa kwanza kabisa,
pale mtengenezaji anapotaja lugha ya nyumba yake.
Kila neno humo ndani lilikuwa letu.
Mlangoni, kwa mkono wangu mwenyewe,
nilikuwa nimeandika Kiingereza.